Kobe Si Kuku: Maoni Yangu kwa Wanaotaka Kufuga Kobe ili Wazaliane

Leo naacha kidogo habari za mbolea ya kukuzia na viwavijeshi. Nataka tuzungumze kuhusu kobe.

Najua wengine mtacheka. Lakini tangu mvua za kwanza zilipoanza, nimeulizwa maswali ya kobe kuliko ya mbuzi. Maswali yenyewe ni matatu: huyu ni dume au jike? Ana miaka mingapi? Atataga lini? Mtu akiuliza maswali hayo matatu kwa pamoja, najua tayari ana mpango wa biashara kichwani.

Waswahili tuna utani kwamba ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Mwaka huu, hapa kata ya Ruanda, vijana watatu walimwona kobe ameinama wakadhani anatunga pesa. Walichanga shilingi 150,000 kila mmoja. Mtu aliyejitambulisha kuwa dalali wa Tunduma aliwaambia watafute jike wawili na dume mmoja, wajenge banda, na baada ya mwaka mmoja atakuwa anachukua vitoto vyote kuvusha mpaka. Kobe wawili aliwauzia yeye mwenyewe, wa tatu waliletewa na watoto wanaochunga ng'ombe. Baada ya miezi kadhaa bila yai hata moja, wakaniita: "Bwana shamba, njoo utuangalizie, labda wanahitaji chanjo."

Nilikwenda. Nitawaambia nilichokuta, lakini kwanza niseme msimamo wangu wazi. Kobe si mfugo. Anayewaambia wakulima wadogo kwamba kobe ni mradi wa kuzalisha anawapotosha, ama kwa kutojua au kwa makusudi. Na sisi maafisa tunaoishia kusema "ni kosa kisheria" bila kueleza tabia ya mnyama huyu, nasi tuna sehemu ya lawama. Mtu akielewa kobe anavyokua na anavyozaa, hutahitaji kumtisha. Hesabu yenyewe itamkatalia.

Kobe tunaemzungumzia

Kobe anayeokotwa zaidi ni yule mkubwa wa nchi kavu, mwenye gamba lililoinuka kama bakuli lililofunikwa, rangi ya njano na madoa meusi kama ya chui. Huyu hupenda nchi ya joto yenye nyasi na vichaka. Ndiyo maana wengi wanaoletwa huku juu Mbozi wanatoka mabondeni, upande wa Momba na wilaya ya Songwe. Kuna mwingine mdogo ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake hujikunja na kufunga kama mlango wenye bawaba. Na kuna wa tatu, bapa kama chapati, anayejificha kwenye nyufa za miamba. Huyo nitamrudia.

Ukomavu: usihesabu miaka, pima mwili

Tumezoea mifugo yetu. Kuku wa kienyeji anaanza kutaga akiwa na miezi sita hivi. Mbuzi anaweza kupandwa kabla ya mwaka kwisha. Ng'ombe wetu wa asili anazaa ndama wa kwanza akiwa na miaka mitatu hadi minne. Kobe wa madoa, akiwa porini, hufikia umri wa kuzaa kwenye miaka 12 hadi 15.

Yaani mtoto wako anayeanza darasa la kwanza Januari hii, akiokota kobe aliyetoka kwenye yai leo, atakuwa amemaliza shule, na huenda na chuo, kabla kobe huyo hajataga yai la kwanza.

Kinachoamua ukomavu wa kobe ni ukubwa wa mwili kuliko idadi ya miaka. Anayekula vizuri kwenye joto hukua haraka, na anayebanwa kwenye banda la saruji na baridi yetu ya Juni na Julai hudumaa. Kwa hiyo kobe wa miaka 10 kwa jirani yako anaweza kuwa mdogo kuliko wa miaka saba kwa mwingine. Wengine huhesabu mistari kwenye vipande vya gamba, mstari mmoja mwaka mmoja. Usiutegemee mtindo huo. Mistari hufuata vipindi vya kula vizuri na vya njaa, na kwa kobe mzee husagika ikafutika.

Kuna wanaojaribu kumharakisha kwa ugali, pumba na mabaki ya nyama. Kobe huyu ni mla nyasi, majani na matunda yaliyoanguka. Porini utamkuta hata akiguguna mfupa mkavu ili apate madini ya kujenga gamba. Ukimlisha kama nguruwe unapata mnyama mwenye gamba lililoharibika na figo zilizochoka. Hapo umemharakisha kuelekea kufa, wala hujamfikisha kwenye kutaga.

Dume au jike?

Hili ndilo lililowaponza wale vijana. Kobe mchanga hatambuliki kwa macho. Anayekuuzia kitoto cha ukubwa wa kiganja na kuapa kuwa ni jike, anabahatisha au anakudanganya.

Kwa mkubwa, angalia mambo mawili. La kwanza ni mkia: wa dume ni mrefu na mnene, wa jike ni mfupi. La pili ni gamba la chini, la tumboni: la dume mkubwa limebonyea ndani kidogo ili akae vizuri mgongoni mwa jike, la jike ni bapa. Ukubwa peke yake usikudanganye, kwani sehemu nyingi jike ndiye mkubwa.

Nilipowageuza kidogo wale kobe watatu wa vijana wetu, wawili walioitwa jike walikuwa madume. Wa tatu alikuwa bado mtoto, haonyeshi chochote. Vijana walikuwa wamesubiri mayai kutoka kwa madume wawili na mtoto mmoja.

"Lakini kaka, mbona wanapandana kila siku?" mmoja akaniuliza.

Kugongana si lazima kuwa kupandana

Hapa ndipo tabia ya kobe inapowachanganya wengi. Madume wawili wakikutana husukumana, hugongana magamba, na kila mmoja hujaribu kumpindua mwenzake chali. Anayeshindwa akibaki chali juani anaweza kufa. Kwenye banda dogo anayezidiwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo kipigo ni cha kila siku. Hayo ndiyo vijana walikuwa wanayaita mapenzi.

Dume akimtaka jike naye humfuata nyuma, tena kwa umbali mrefu, na humgonga gongo kwa gongo mpaka asimame. Akimpanda hutoa sauti ya kukoroma ambayo mtu asiyemjua kobe anaweza kudhani anaumwa. Kwa macho ya haraka vitendo hivi vinafanana na ugomvi. Tofauti utaipata kwa kuwatambua kwanza wanyama wenyewe, ndipo utafsiri wanachofanya.

Na hata wakipandana kweli, hiyo si ahadi ya mayai mwezi ujao. Jike wa kobe anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu kabla ya kuzitumia. Ndiyo maana jike anayeishi peke yake uani anaweza kutaga mayai yenye uhai, watu wakasema ni uchawi.

Mayai, na kosa langu mwenyewe

Jike akiwa tayari hutembeatembea akinusa ardhi, haachi kuzunguka. Akipata sehemu, huilowesha kwa mkojo ili udongo ulainike, kisha huchimba kwa miguu ya nyuma. Hutaga mayai meupe ya duara, kuanzia matano hivi hadi hata 30, hufukia, hushindilia udongo na kuondoka. Hayarudii wala hayalalii. Ndani ya msimu mmoja anaweza kutaga zaidi ya mara moja, kwa kuachia wiki kadhaa katikati.

Mayai hayo hukaa ardhini miezi minane mpaka kumi na tano. Vitoto husubiri mvua ilainishe udongo ndipo vitoke. Havizidi sana ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, na kuanzia hapo kenge, nguchiro, kunguru na siafu wote wanavitaka.

Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja alifukua mayai ya kobe wakati anapalilia maharage. Akaniletea kwenye ndoo. Mimi na diploma yangu nikamshauri ayaweke chini ya kuku anayeatamia. Niliona ni akili kubwa. Kuku alikaa siku zake 21, akayageuza kila siku kama anavyogeuza ya kwake, kisha akaondoka. Mayai yote yalioza.

Nilikuja kujifunza baadaye kwamba yai la kobe haligeuzwi. Kiini cha mtoto hujishikiza upande wa juu muda si mrefu baada ya kutagwa, na ukiligeuza baadaye unamuua. Pia joto la udongo ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike: joto zaidi huleta majike, joto pungufu huleta madume. Kwa hiyo hata mtu akifanikiwa kuyatotoa kwenye boksi lake, anaweza kupata vitoto vyote vya jinsia moja.

Yule mama hakunilaumu. Alisema tu, "Basi mwanangu, tumejifunza." Lakini mimi najilaumu mpaka leo, kwa sababu jibu sahihi lilikuwa rahisi: yafukie palepale, weka alama, pitisha jembe pembeni.

Tufanye hesabu

Chukua kalamu. Kuku mmoja wa kienyeji anatotoa hata mara tatu kwa mwaka, na kifaranga anauzika ndani ya mwaka huohuo. Kobe anakudai miaka zaidi ya kumi ya kulisha kabla ya yai la kwanza, karibu mwaka mzima wa kusubiri yai lipasuke, na kisha miaka mingine kumi na zaidi ili kitoto hicho nacho kizae. Hakuna mkopo wa VICOBA unaosubiri hivyo.

Dalali anajua hesabu hii. Ndiyo maana yeye hafugi. Anataka kobe waliokwisha komaa porini, waliotumia miaka yao 15 kukua bure. Neno "ufugaji" analitumia kuwafanya ninyi mmkusanyie. Na kila jike mzima anayetolewa kichakani, pengo lake halizibiki mwaka ujao. Kwa mnyama wa namna hii hasara kubwa ni kumwondoa mama mzima, kwa sababu vitoto vingi hufa vyenyewe na ukoo mzima unategemea mama aishi na kutaga miaka mingi.

Tazameni kobe bapa wa kwenye miamba. Anapatikana Kenya na Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alithibitishwa pia Zambia, tena upande wa Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma. Huyu kwa kawaida hutaga yai moja kwa wakati. Moja! Alitolewa sana kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo mpaka mwaka 2019, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Geneva, akapandishwa Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Wanaomtafuta mara nyingi huvunja mwamba kwa mtaimbo ili wamtoe. Mwamba uliovunjwa hauponi, kwa hiyo hata wengine hawana pa kurudi.

Kuna na somo la kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambako watalii huenda kuona kobe wakubwa. Asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Inaelezwa kwamba mwaka 1919 waliletwa wanne kama zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli, na kufikia mwaka 1955 walikuwa kama 200. Wanne kuwa 200 kuliwachukua miaka 36, tena kisiwani. Kisha wezi wakaingia, na mwaka 1996 wakabaki saba. Ilibidi kuletwa vitoto, kujengwa uzio na kuweka walinzi ndipo wakaongezeka tena. Kama kisiwa kizima kilikombwa, kichaka chetu cha bondeni kitasalimika vipi?

Sheria, kupe na kuhara

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kobe wa porini ni mnyamapori. Kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa. Na mwaka 2016 Serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kwa hiyo anayekwambia ana soko la halali ng'ambo ya mpaka, mwombe karatasi. Akianza kusema "tutaelewana na wenyewe", ondoka hapo. Siku gari likikamatwa, mwenye banda ni wewe, na dalali hajulikani alipo.

Kwa mfugaji wa ng'ombe na mbuzi nina jambo jingine. Kobe wa madoa hubeba kupe, na baadhi ya kupe hao wanaweza kubeba ugonjwa wa maji moyo. Mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa kwa kobe hawa baada ya kupe wenye vimelea vya ugonjwa huo kukutwa kwenye kobe walioingizwa Florida. Wewe unamtoa kobe bondeni, unampandisha kwenye bodaboda, unamweka jirani na zizi la mbuzi. Unaona hatari?

Na kwa wenye watoto: kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuumwa. Mtoto akimshika kisha akala bila kunawa kwa sabuni, tumbo litamwendesha.

"Lakini mtaalamu..."

Nasikia majibu yenu. Wa kwanza atasema: mbona kuna mashamba ya wanyamapori yenye vibali? Ni kweli, sheria ina njia hiyo. Lakini ni njia ya mtu mwenye eneo, uzio, daktari wa mifugo na mtaji unaoweza kulala miaka mingi. Kama unao, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya uulize taratibu kabla ya kumgusa mnyama. Kama unategemea gunia la mahindi kulipa ada ya shule, njia hiyo si yako.

Wa pili ni mzee mmoja ninayemheshimu, ambaye ana kobe uani tangu watoto wake wakiwa wadogo. Aliniambia, "Mwanangu, huyu nimemkuta barabarani, gari lingemkanyaga. Sasa unataka nimtupe?" Nilikaa kimya kidogo. Sikuwa na haraka ya kumjibu, maana nia yake ilikuwa njema. Nilimwambia asimtupe, na asimwachie kichaka chochote tu. Tukaenda wote kwa mtendaji, na yeye akawasiliana na watu wa wanyamapori. Aliyejitokeza mwenyewe na kueleza ukweli ana mazungumzo tofauti na anayekutwa na magunia usiku. Maoni yangu ni kwamba ofisi zetu ziwarahisishie wazee kama huyu. Mtu akiogopa kuja, kobe ataishia sokoni.

Fanya haya

1. Ukimkuta kobe shambani, mwache apite. Kama ana hatari ya kukanyagwa, msogeze upande uleule alikokuwa anaelekea, karibu na hapo. Mshike kwa utulivu, kwani akishtuka humwaga maji aliyohifadhi mwilini, na wakati wa kiangazi maji hayo ndiyo uhai wake.
2. Ukifukua mayai, yafukie palepale bila kuyageuza.
3. Punguza kuchoma shamba. Fyeka, tandaza mabaki yaoze. Kobe hawezi kukimbia moto, na udongo wako nao unahitaji hayo mabaki.
4. Watoto wakileta kobe nyumbani, usiwape hata mia tano. Ukilipa mara moja, kesho wataleta watano.
5. Dalali akija, mjulishe mtendaji wa kijiji.

Wale vijana watatu? Pesa ya dalali haikurudi, na simu yake haipatikani. Kobe wao walichukuliwa na watu wa wanyamapori. Mmoja alikuwa na ufa kwenye gamba kwa kugongwa. Banda lilibaki, tena banda zuri la tofali. Juzi nilipita, wamelipanua dirisha na kuweka matetea kumi na jogoo mmoja. Nimewapangia siku ya chanjo ya kideri, na safari hii chanjo inahitajika kweli.

Ukiwa na swali la kobe au la mfugo wowote, ofisi ya kata iko wazi siku za kazi. Njoo kabla hujachanga pesa.